Antena Zote Zilitazama Pemba

Kambi Namba Nne,
Shamba la Mkonge, Njia ya Pangani,
Tanga.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada Kristina,

Kamwene, dada. Habari za tangu tulipoongea? Shemeji Anold hajambo? Queen anaendeleaje na masomo, na huo ubaridi wa mwezi wa sita mnauwezaje? Nawaona hivi hivi mmezunguka moto jikoni na mlango mmeufunga. Mimi huku naandika nimevaa singlendi tu na jasho linadondokea karatasi. Ukikuta herufi imetambaa, ujue ni joto la Tanga.

Utataka kujua afya yangu, na leo nakupa yote kama ilivyo. Mgongo unaniuma kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi, Jumapili unapoa. Mwezi wa nne mwiba wa mkonge ulinichoma kidole gumba cha kushoto, kikavimba, kikatoa usaha. Sasa kimepona ila ukucha haujarudi. Malaria sijaugua tangu mwaka jana. Nakula vizuri, samaki hawakosekani, ila viazi vya huku ni vitamu vya kuchemsha tu, si viazi vyetu. Hapo sijaongeza wala sijapunguza kitu.

Kilichonishikisha kalamu ni mama. Siku ile uliponipigia, salio liliisha kabla sijakusimulia chochote. Nilichosikia ni kwamba TV ya mwenyekiti, mzee Rafaeli, iliandika "Hakuna mawimbi" tangu kipindi cha kwaya yenu kuanza mpaka kuisha, na watu wakakaa sebuleni kwake na nguo za kanisani wakiyasoma maandishi hayo. Kwa hiyo mama hajajiona. Mimi nilimwona. Nataka Queen amsomee mama barua hii pole pole, asiruke kitu, isipokuwa pale nitakaposema.

Hapa Queen aruke aya tatu, asome wewe peke yako. Dada, tangu mama alipoanguka na gunia la viazi mwezi wa pili, kila nilipouliza ulinijibu kwamba mama mzima, anatembea. Nikiomba kuongea naye, naye ananiambia mimi mzima mwanangu, wewe kula vizuri. Lakini simu haionyeshi miguu. Mwezi wa nne ukatuma picha kwenye simu ya rafiki yangu Tadeo, maana yangu ni kitochi. Mama kasimama mlangoni anacheka. Niliitazama mpaka Tadeo akadai simu yake. Mlango ule ulikuwa haujapakwa rangi ya bluu, na wewe mwenyewe ulinisimulia habari za rangi hiyo Krismasi ya mwaka juzi. Nikajua ni picha ya zamani. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Sababu ya hofu yangu unaijua. Baba alipofariki mlinipigia mkaniambia anaendelea vizuri, kumbe siku hiyo alikuwa na siku nne kaburini. Mlisema hamkutaka nichanganyikiwe njiani. Najua sisi sote hufanya hivyo kwa aliye mbali, na najua hamkuwa na nia mbaya. Ila tangu siku ile, nikisikia kutoka nyumbani kwamba wote wazima, nahesabu nani sijaisikia sauti yake.

Miaka saba sijarudi, na nimekuwa nikisingizia nauli. Nauli ni kweli lakini si yote. Nilikuwa na hasira. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu ya mtu ambaye hakumzika baba yake, na sikujua nianzie wapi.

Sasa Queen aendelee kusoma.

Mama, uliponipigia mwenyewe mwishoni mwa mwezi wa tano ukasema kwaya yenu imerekodiwa na itaonyeshwa Jumapili ya Pentekoste saa tatu asubuhi, nilifurahi mpaka nikasahau kukuuliza mtaimba nini. Kwaya yetu huimba imesimama. Nikasema, basi nitamwona mama yangu amesimama, na nitamwona kwa macho yangu mwenyewe. Jambo hilo nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote mwaka huu.

Shida ilikuwa TV. Kambini kwetu TV kubwa iko kwa Semeni, mama mmoja wa Kidigo anayetupikia wakata mkonge chai, chapati na maharage. TV ni nzuri, king'amuzi kizuri, ila picha ni matatizo. Mnakumbuka zamani, enzi za chenga, picha ikiwa mbaya uliwaona watu angalau kama wako kwenye ukungu wa asubuhi. Siku hizi hakuna nusu, picha ipo au haipo. Ya Semeni ilikuwa ipo, haipo. Mtu anafungua mdomo aseme, uso unakatika vipande vipande kama vigae, sauti inakwaruza, kisha skrini nyeusi. Wateja wameshazoea, tamthilia ikikatika wanaimalizia wenyewe. Mmoja anasema hapo kampiga kofi, mwingine anasema hapana, hapo kamsamehe, na ubishi unakwenda mpaka chai inapoa.

Nilipomweleza Semeni habari za mama, hakuinua hata macho kwenye unga.

"Wee Mbena, hiyo antena nahangaika nayo mwaka wa sita. Mpira nautazama kwa masikio. Ukiitengeneza, Jumapili yako nakupa, na chai juu."

"Na wateja wako wanaotaka tamthilia?"

"Watamtazama mamako. Kwani mamako hana mambo?"

Tadeo alikuwepo. Huyu ni Muha wa Kasulu, tunakata naye mstari mmoja, hana jambo asilolifanyia mzaha. Akaitangazia kambi nzima kwamba mama wa Wilfred anatoka kwenye TV. Kufika jioni wenzangu wakawa wananiamkia mimi shikamoo, eti mimi mtoto wa mtu mkubwa. Mmoja akaniomba mama awasalimie watu wa Kibondo. Nilicheka nao, lakini ndani nilijua kwamba Jumapili ikifika na skrini ikawa nyeusi, watanicheka mwezi mzima, na hilo si kitu. La kuniumiza ni kwamba nisingejua.

Huku tunaingia shambani alfajiri, mchana saa nane tunakuwa tumemaliza, kwa hiyo nilikuwa na jioni zangu. Jumanne nilianza na waya. Niliufuata kutoka kwenye TV mpaka juu, nikakuta umeungwa mahali patatu, umesokotwa tu kama waya wa taa na kufungwa mfuko wa nailoni. Nilipofungua, shaba ilikuwa ya kijani na unga unaanguka. Hewa ya chumvi ya huku inakula kila kitu, hata bawaba. Nehemia, dereva wa trekta la majani, alikuwa anakwenda mjini, akaniletea kutoka Ngamiani waya mpya mzima usio na kiungo hata kimoja.

Jumatano tukabadilisha mti. Ule wa zamani ulikuwa mfupi, antena imejificha nyuma ya mkorosho na chini ya kenchi ya bati la jirani. Mkonge ukizeeka huchipua mlingoti mrefu katikati, unachanua mara moja, basi, unakufa. Mlingoti ule ni mwepesi na umenyooka. Tulichagua mmoja uliokauka vizuri, mrefu kuliko kenchi na mkorosho vyote, tukafunga antena juu yake, tukausimamisha kwa kamba tatu za singa, nyuzi za mkonge, tulizosokota wenyewe. Nilijiona fundi. Tukawasha. Vigae vile vile.

Nehemia ndiye aliyenionyesha kitu ambacho sikukijua. Ukibonyeza rimoti ya king'amuzi unapata ukurasa wenye mistari miwili, mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi, mwingine ubora wake. Sisi nguvu ilikuwa imepanda, ubora uko chini kabisa. Alhamisi akatuletea busta, kile kidude cha kuongeza nguvu. Nguvu ikaruka karibu na mwisho wa mstari, ubora ukalala sifuri, hata ile picha ya vigae ikaondoka.

Tadeo akasema, "Sasa ina nguvu lakini haina adabu."

Busta tukaing'oa. Ijumaa kazi ilikuwa nyingi, tulitoka tumechoka, sikugusa kitu. Nililala chali nikawaza niende mjini Jumapili asubuhi. Lakini mabanda ya TV mjini huweka mpira wa marudio au sinema, nani atamwekea mkata mkonge mmoja kwaya ya Njombe? Usingizi ulinichukua sijapata jibu.

Jumamosi ilikuwa Idi na hatukuwa na kazi. Mchana nikapanda ngazi, Tadeo akakaa chini kunielekeza. Sasa lazima niwaeleze, kambi yetu ina mstari mmoja wa nyumba, na zote zenye TV zimeelekeza antena upande mmoja, mashariki, baharini. Nyumba ya mwisho ni ya mzee Yakoub, Mpemba mwenye duka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa na TV hapa, na picha yake haikatiki kamwe. Kila aliyenunua TV baada yake alikwenda kutazama antena ya Yakoub imeelekea wapi, akaelekeza yake huko huko. Nami nilifanya hivyo, tena kwa makini. Tadeo alikuwa amefumba jicho moja, ameshika fimbo mbele yake kama fundi seremala, analinganisha ya Semeni na ya Yakoub.

"Kushoto kidogo. Kidogo, bwana, si hivyo. Rudi. Hapo zimelingana kabisa."

Ndipo mzee Yakoub akaja na kanzu yake ya Idi na sinia ya pilau ya kumpa Semeni imefunikwa kawa. Akatazama fimbo ya Tadeo, akatazama antena.

"Mwafanya nini nyie?"

"Shikamoo mzee Yakoub, Idi mubaraka. Tunailinganisha na yako."

"Yangu mie yaangalia Pemba."

"Ndiyo, na sisi tunaielekeza huko huko."

"Kwani nyie mna mtu Pemba?"

Yeye akaweka sinia chini, akaeleza kwa utulivu kama anamweleza mtoto. King'amuzi chake alikitoa kwao Wete, anapata habari za visiwani, ajue nani kafa, nani kaoa, na karafuu zina bei gani. Mawimbi yanamfikia juu ya bahari tupu, hakuna mlima wala mti. Ving'amuzi vyetu sisi vimenunuliwa mjini Tanga na vinataka mnara wa mjini, na mjini ni kaskazini. Tulikuwa tumeupa mnara ubavu miaka sita. Vile vigae tulivyokuwa tunaviona ni makombo tu yaliyokuwa yanatupitia pembeni.

"Mie nikipita hapa," akasema, "nikiona antena kumi na moja zimeelekea kwetu, najisemea moyoni, watu wa bara hawa wana mapenzi na sie."

Semeni alicheka mpaka akakaa chini na mwiko mkononi. Tadeo alijifunika uso kwa kofia. Mimi nilishikilia ngazi nisianguke. Mzee Yakoub mwenyewe ndiye aliyecheka mwisho, lakini alipoanza hakunyamaza mpaka alipolazimika kufuta miwani.

Tukaigeuza kaskazini. Nehemia alijua mnara ulipo hasa, maana jioni ukisimama kwenye tuta la reli ndogo ya mkonge unaziona taa zake nyekundu. Hata hivyo hatukupata picha mara moja, na hapa napo tulikosea. Tulifanya kama tulivyofanya enzi za chenga, Tadeo juu anazungusha mfululizo, Semeni ndani anapaza sauti, bado, bado, hapo hapo, umepita, rudisha. Akirudisha, hakuna. Tulifanya hivyo kama nusu saa, Semeni sauti ikakauka. Halafu msuli wa Tadeo ukalegea kiunoni, akaiacha antena akaukaza. Alipokuwa anaukaza, picha ikaingia, safi, mtu anasoma habari na ndevu zake unaweza kuzihesabu.

Kumbe king'amuzi hakijui haraka. Ukigeuza, kinahitaji muda kidogo kutafakari ndipo kilete picha, na sisi tulipoiona picha antena ilikuwa imeshapita pale penyewe. Tangu hapo tukawa tunageuza upana wa kidole kimoja, tunasimama, tunahesabu mpaka kumi, tunatazama ubora, ndipo tunageuza tena. Ubora ukapanda mpaka robo tatu ya mstari. Tukakaza skrubu, tukala pilau ya Idi kwa mikono yenye kutu. Kufika magharibi kila nyumba ilikuwa na mtu juu ya paa anageuza, na mzee Yakoub anapita chini akiwaaga Wapemba kwa niaba yao.

Jumapili saa tatu kasoro robo kibanda cha Semeni kilijaa. Walikuja hata wasiokuwa Wakristo, na ndio walikuwa wengi. Semeni alivaa dera lake la Idi kwa mara ya pili. Niliwekwa mbele kabisa kwenye kiti chenye mgongo. Mchungaji mmoja wa Dar alisoma neno, halafu likaandikwa jina la usharika wetu, na kanisa letu likatokea, mama, na yale madirisha, na ule ufa wa ukutani umezibwa. Tadeo akaniuliza kama huko ndiko kwetu kweli au ni Ulaya, maana watu wote wana makoti.

Kamera ikapita kwa wanaume, ikapita sauti ya kwanza, ikafika kwenu sauti ya pili. Wote mmevaa sare za bluu na kola nyeupe. Wote wamesimama. Wewe, mama, umekaa kwenye kiti mwisho wa mstari.

Tadeo akauliza, yupi? Semeni akanitazama usoni, akaelewa.

"Aliyekaa?"

"Huyo."

"Mtu mzima hukaa. Tulia, wimbo bado."

Wimbo wa kwanza uliisha umekaa. Wa pili umekaa, ila unaimba, mdomo wako niliuona vizuri. Umekonda, mama, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Kilemba umekifunga vile vile, fundo nyuma ya sikio. Mara moja ulitazama kamera, halafu ukaona haya ukatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshajiambia yangu. Nilikuwa nawaza tu kwamba nilijua huwezi kusimama, na kwamba ningeomba ruhusa kesho yake niondoke.

Likaja pambio, lile la haraka, na watu wakaanza kuyumba. Ukaweka mkono kwenye bega la mwenzako. Ukainama mbele. Ukanyanyuka kwenye kiti, na picha ikaganda.

Ikaganda hapo hapo, mama hujakaa na hujasimama, nusu ya uso wako ni vigae. Nje upepo wa kusi ulikuwa umeanza na ule mlingoti wetu ulikuwa unayumba. Mzee Yakoub alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinuka, akatoka, akaukumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili na kanzu yake nyeupe. Nikahesabu. Nilifika saba.

Picha ikarudi, na wewe umesimama. Hukushika bega la mtu, hukushika kiti. Unakwenda kushoto na kulia na wenzako, mguu mmoja unachelewa kidogo lakini unakwenda. Na unapiga makofi kabla ya wenzako wote, vile vile kama ulivyokuwa unafanya nikiwa mtoto, wao wakifika wewe umeshapita.

Semeni akasema, "Yule ndo mamako? Mbona anawaacha wenziwe?"

"Anawahi kama mwanawe anavyowahi chai," Tadeo akasema.

Kibanda kikaangua kicheko, halafu mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi kwa kuwahi kama wewe, na wote wakamfuata, wakata mkonge na wake zao, wote wanawahi. Nilicheka na kulia pamoja, sikujali nani ananiona.

Nje mzee Yakoub akaita, "Kasimama?"

"Kasimama," Semeni akamjibu, "na anacheza."

"Alhamdulillahi. Basi niachie?"

Watu wote kwa pamoja wakamwambia asiachie. Alishikilia mpaka pambio likaisha na majina yakapita, na hakumwona mama hata kidogo. Baadaye Semeni alimkalisha akamweleza yote, sare, kilemba na makofi, na leo akipita ananiuliza mama yangu yule anayewahi hajambo.

Sasa la kwenu. Mwisho wa kipindi waliandika kwamba kitarudiwa Jumapili ya tarehe 29, saa ile ile. Nataka mama ajione. Shemeji Anold aende kwa mzee Rafaeli mapema, asingoje siku yenyewe. Aufuate waya mpaka juu, kama una kiungo autoe aweke mzima. Antena ipande juu ya bati na juu ya miti, vile vijiti vyake vilale au visimame kama vilivyo vya jirani anayepata picha. Ageuze kidole kimoja, ahesabu kumi, atazame ubora na si nguvu. Akipata, king'amuzi kitafute chaneli upya. Mnara wenu sijui uko upande gani, na msimfuate jirani hivi hivi. Muulizeni mwenye picha safi, na mumuulize pia yeye anatazama nini. Mti ufungwe kamba pande tatu, na upepo ukivuma awepo mtu wa kuushika.

Mama, swali lako la kila simu nalijibu hapa hapa. Bado sijaoa. Semeni ananitafutia, ila anasema kwanza ninenepe.

Aya hii ni yako tena, dada, lakini hata mama akiisikia si kitu. Nisamehe kwa kutokukuamini. Nimeelewa kwamba mwezi wa nne mama alikuwa bado hajasimama, ukatuma picha ya zamani ili nilale usingizi, na huko mlikuwa mnamfanyisha mazoezi ya kutembea siku kwa siku bila msaada wangu. Nakushukuru kwa mguu ule. Ila kuanzia sasa niambie kama ilivyo. Mama akiumwa, niambie anaumwa. Nitalia, nitapanda basi, nitafika. Mimi nimeanza, habari za usaha na ukucha umeshazisoma. Na likizo ya mwezi wa kumi na mbili nimeshaiomba kwa msimamizi, ameandika jina langu mbele yangu. Nitakuja, nitakwenda kaburini kwa baba, kisha nitakaa jikoni na nyinyi mpaka mnichoke.

Nisalimie shemeji Anold, mwambie rangi ya mlango nitaiona mwenyewe. Nisalimie mzee Rafaeli na Leticia mkewe, na wote wa sauti ya pili, hasa yule mwenye bega. Semeni, Tadeo, Nehemia na mzee Yakoub wanawasalimu, na kila mmoja amesisitiza nisilisahau jina lake. Mungu awalinde na baridi, aupe nguvu mguu wa mama, na atukutanishe Desemba tukiwa hai.

Na wewe Queen, mwanangu, nakupa kazi moja. Tarehe 29 usitazame TV. Mtazame bibi yako akijitazama, na lolote atakalosema uniandikie neno kwa neno, hata akisema amekonda, hata akicheka tu.

Mjomba wa Queen, mtoto wa mama, na mdogo wako akupendaye,

Wilfred